Nkambo Fuko na Jiwe la Shahidi

Kusini mwa Kongo, mahali mto Lualaba ungali mwembamba, kuna uwanda uitwao Manika. Juu ya uwanda huo umekaa mji wa Kolwezi. Chini yake, ndani ya udongo mwekundu, palikuwa na mji mwingine wa zamani zaidi, mji wa mafuko.

Fuko wa nchi hiyo ana meno manne marefu yaliyotokeza nje ya midomo, naye huchimba kwa meno hayo. Midomo yake hufumba nyuma ya meno ili udongo usimwingie kinywani. Macho yake ni kama punje za ulezi. Huishi kwa ukoo, mama mzazi mmoja na wanawe wa mvua nyingi, na wote huchimba pamoja kutafuta mizizi.

Mkubwa wa mji huo alikuwa bibi kizee. Wajukuu walimwita Nkambo, kama watu wa Katanga wanavyowaita babu na bibi zao. Jua alilijua kwa kusimuliwa tu, lakini ukimweka popote gizani, alijua kaskazini iko wapi. Aliihisi kama wewe unavyouhisi upepo shavuni. Hilo si la kubuni. Mwaka 1990 watafiti waliwachunguza mafuko wa Zambia, ng'ambo ya mpaka tu, wakaona wanajenga viota vyao upande wa kusini-mashariki. Walipougeuza mvuto wa sumaku kwa nyaya za umeme, mafuko nao waligeuza viota. Mwaka 2020 ikaonekana kwamba hisia hiyo hupitia machoni. Macho yale tunayodhani hayafai kitu ndiyo dira yao. Wataalamu walipowapa jina jipya la kisayansi mwaka 2006, jina hilo lilibeba neno letu wenyewe: Fukomys.

Siku moja vijana wa mafuko walikuwa wakichimba njia mpya, meno yakagonga jiwe. Lilikuwa jeusi kama makala, zito kuliko ukubwa wake, na liliacha weusi kwenye meno. Pembeni yake palikuwa na jingine la kijani kama jani la muhogo. La kijani lilikuwa na mukuba, yaani shaba. Jeusi lilikuwa na kobalti.

Wakampelekea Nkambo. Akaligusa lile jeusi kwa pua, akalilamba polepole, akalipitisha kwenye jino la chini kulia, jino alilokuwa akilitumia kupimia mizizi tangu ujana wake.

"Hili lina nguvu," alisema. Akalichukua jingine lililofanana nalo, akalilamba. "Hili ni udongo uliovaa nguo nyeusi. Litupeni."

Wanadamu wa juu nao walikuwa wamefikiwa na jambo hilo hilo. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, mkazi mmoja alichimba nyumbani kwake akakuta jiwe la kobalti. Haukupita muda mrefu, nyua za Kasulo zikajaa maturubai na mashimo, na wengine wakachimba ndani ya vyumba vyao vya kulala.

Habari ya mawe hupaa haraka. Mwezi haukwisha, Kunguru akatua mlangoni pa mafuko, kizibao cheupe kifuani, na mguuni ameshika kitu chenye umbo la bunduki. Wachimbaji wa Kolwezi wanakijua kitu hicho, hukiita metorex. Hurusha miale isiyoonekana kwenye jiwe, kila metali iliyomo hujibu kwa mwanga wake, na mashine huusoma mwanga huo na kuandika namba ya kiasi chake.

"Yambo, Nkambo," alisema Kunguru. "Nimesikia mna mawe."

"Yambo, baba. Tunayo."

"Nitayanunua. Ila mimi sinunui kwa maneno. Mashine ndiyo itakayosema."

Akaielekeza kwenye jiwe, akatazama kioo chake, akasema, "Moja."

"Baba, jino langu linasema zaidi ya hapo."

"Jino halina namba, Nkambo."

Nkambo hakupata la kujibu. Akapokea kipande kimoja cha muhogo, na tangu siku ile kila jiwe lililotoka chini lilikuwa moja, au moja na kidogo. Vijana walizoea. Waliona hakuna haja ya kulamba jiwe wala kulipima kwa jino, maana mashine ingesema. Mvua mbili zilipopita, hapakuwa na fuko kijana aliyeweza kutenga jiwe lenye nguvu na udongo uliovaa nguo nyeusi. Walikusanya yote, wakayatoa yote, wakangoja kuambiwa walichobeba.

Kisha Kunguru akawaletea zawadi, bamba jembamba, jeusi, lililong'aa upande mmoja. Lilikuwa na joto, na likiguswa lilitoa sauti. Ndani ya betri yake mlikuwa na gramu chache za kobalti iliyotoka chini ya uwanda ule ule. Betri za namna hiyo ziliingia sokoni mwaka 1991, na leo zimo katika mabilioni ya simu. Betri ya gari la umeme yenye kobalti huhitaji kilo kadhaa. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na Kolwezi ndiyo kitovu chake. Mafuko hawakulijua hilo. Walijua tu kwamba kitu kile kina joto, na usiku wa Manika katika mwezi wa Juni ni baridi. Wakakiingiza kwenye chumba cha kulala.

Usiku ule Nkambo hakupata usingizi. Aligeuka huku, akageuka huku, mwisho akawaamsha wajukuu.

"Kaskazini imeingia chumbani," alisema. "Tangu nizaliwe ilikuwa mbali, na sasa imelala kati yenu. Litoeni hilo bamba."

Alisema kweli. Kila simu ina sumaku ndogo ndani ya spika yake. Masikio ya mwanadamu hupokea muziki, lakini sumaku yenyewe hayaihisi. Fuko huihisi kabla ya muziki. Lakini vijana walikuwa wamekwisha kulizoea lile joto, wakasema Nkambo amezeeka.

Wakaendelea kuchimba. Walidhani wanaelekea mlimani kwenye udongo mkavu, kumbe njia yao ilikuwa ikipinda kidogo kidogo kuelekea kijito cha Musonoi. Januari mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Usiku wa nne dari la njia likashuka.

Nkambo alichimba hadi alfajiri. Meno yake mawili ya juu yalivunjika. Wa kwanza alimpata kwa harufu, kabla ya kumgusa. Alikuwa amejikunja kama walalavyo watoto wa mafuko, pua chini ya mkono, na manyoya ya shingoni yalikuwa bado na uvuguvugu. Nkambo akamlamba udongo usoni, kijicho cha kulia, kisha cha kushoto, kama mama anavyomlamba aliyezaliwa sasa hivi. Hakuacha hadi uvuguvugu ulipokwisha. Kisha akarudi kuchimba. Waliokufa walikuwa saba.

Aliyekaa Kolwezi anaujua usiku wa namna hiyo. Mwezi Juni 2019 ardhi iliwafunika wachimbaji zaidi ya 40 katika shimo moja karibu na mji huo.

Asubuhi Kunguru alikuja na gunia lake kama kawaida. Akawakuta wanalia.

"Poleni," alisema. "Lakini msilie sana. Aishiye chini haumwi kama sisi wa juu. Husogea tu, kama maji yanavyosogea. Mtazaa wengine."

Neno hilo liliwatoa mafuko nje mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Walikwenda wote hadi kwenye kichuguu kikubwa, makao ya Malkia Mchwa, kuomba baraza. Vichuguu vya Katanga si vya kuchezea. Wataalamu wamevipima vya upande wa Lubumbashi wakakuta vingine vimesimama zaidi ya miaka 2,000. Malkia akapiga mbiu. Wanyama wakaja, wakakaa kivulini. Swali lilikuwa moja tu: je, fuko anahisi?

Kunguru alisimama wa kwanza. "Hilo lina kipimo," alisema. "Mwaka 1970, huko Marekani, Gordon Gallup aliwatia sokwe alama usoni, akawawekea kioo. Walipojitazama na kuigusa ile alama usoni mwao, ikajulikana kwamba wanajitambua. Basi nami nawawekea hili bamba. Atakayejiona ana nafsi. Asiyejiona hana."

Akaliegemeza bamba kwenye mzizi. Sokwe akajiona. Kunguru akajiona, akajitengeneza manyoya. Mbwa akatazama, akanusa kioo, akaondoka. Nkambo akaletwa, akasimama mbele ya bamba, uso wake ukaelekea pembeni.

"Mmeona?" alisema Kunguru.

"Ngoja," alisema Mbwa. "Hata mimi kioo sikijui. Lakini nipeleke kwenye miti mia, nitakuonyesha ule niliopitia mwenyewe jana, na ule aliopitia ndugu yangu. Mimi hujitambua kwa pua. Ungekuwa mtihani wa kunusa, Kunguru, wewe ndiye ungekosa nafsi leo."

Panya Buku akainuka. Alikuwa mgeni kutoka Morogoro, Tanzania, alikosoma na wenzake katika shirika la APOPO, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine. "Sisi macho yetu ni dhaifu," alisema. "Lakini mwenzetu Magawa alipelekwa Kambodia, akanusa mabomu ya ardhini zaidi ya 70. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvika medali ya dhahabu. Kuna watoto wanaotembea leo kwa miguu miwili kwa sababu ya pua ya panya. Hakuna aliyemuuliza Magawa kama anajiona kwenye kioo."

Malkia Mchwa akasema kutoka ndani ya kichuguu, sauti yake nyembamba, na wote wakanyamaza. "Wanadamu wenyewe wamelikubali. Tarehe 7 Julai 2012 wataalamu wa ubongo walitoa tamko huko Cambridge kwamba wanyonyeshao, ndege na viumbe wengine wengi wanazo nyenzo za mwili zinazoleta ufahamu. Aprili 2024, huko New York, wengine wakasema hata wadudu wasisahauliwe. Lakini dharau hii kwa walio chini haikuanza leo. Hilo jina kobalti limetoka kwa wachimbaji wa Ujerumani. Jiwe lilipokataa kuwapa fedha, likawadhuru kwa moshi wake, walisema ni kazi ya kobold, kijipepo cha ardhini. Asiyeonekana hubebeshwa lawama, na akiumia hana wa kumlilia."

Kunguru akatikisa mbawa. "Hayo ni maneno. Shahidi wangu ni mashine."

Nkambo, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akaomba siku tatu.

Alirudi chini, akachagua jiwe moja jeusi. Akaliuma ukingoni, polepole kwa sababu ya maumivu, akaacha alama za meno yake mawili ya chini yaliyosalia. Siku ya kwanza akampa mjukuu wake alipeleke kwa Kunguru, alipimishe tu, asiliuze. Kunguru akatazama kioo, akasema, "Moja." Siku ya pili Nkambo akampa Mbwa. "Mbili," alisema Kunguru. Siku ya tatu akampa kunguru mchanga, mpwa wake yule mnunuzi. Mjomba akatazama kioo, akatabasamu, akasema, "Nne na nusu. Umelitoa wapi, mwanangu?"

"Kwa Nkambo," alisema mpwa.

Baraza likakaa tena. Jiwe likawekwa katikati, na Nkambo akapitisha unyayo ukingoni mwake. "Niliuma hapa," alisema. "Kila mwenye kucha na aguse." Wakagusa mmoja mmoja. Mjukuu akalitambua, Mbwa akalitambua, na kunguru mchanga akalitambua pia.

"Mjomba," alisema, na sauti ilimkwama, "ni jiwe lile lile."

Vijana wa mafuko wakairukia mashine waivunje. Nkambo akawazuia kwa mwili wake.

"Acheni. Kwanza tuisikie." Akamwomba kunguru mchanga aielekeze yeye mwenyewe, asome kwa sauti. Akasoma mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa nne na nusu.

"Mashine haina pua ya kumnusa muuzaji," alisema Nkambo. "Ilisema kweli siku zote, na mdomo ulikuwa ukipunguza. Nasi tulimsaidia mwenye mdomo, kwa sababu tuliacha kulamba mawe yetu. Tungekuwa na jambo la kusema sisi wenyewe, asingethubutu kutuambia moja mvua mbili nzima."

Kunguru aliinamisha kichwa. Fuko mmoja mdogo akasema ule usemi wa wazee, "Aliye juu mngoje chini," na hakuna aliyecheka, kwa kuwa saba walikuwa bado hawajafikisha siku kumi.

"Muhogo wote uliotupunja utaulipa," alisema Nkambo. "Lakini wale saba hawalipiki kwa muhogo. Kwa wale nataka kitu kimoja. Shuka nami."

Kunguru akashuka. Ilibidi abane mbawa na kutambaa kwa kifua. Mwanga ukaisha nyuma yake. Dari likamgusa mgongoni, na vumbi kidogo likamdondokea shingoni. Nkambo alikuwa mbele, hatua moja.

"Kaskazini iko wapi?" aliuliza.

"Sijui."

"Mlango uko wapi?"

"Sijui, Nkambo. Tafadhali."

Moyo wa Kunguru ulipiga kwa nguvu hata Nkambo akausikia kupitia udongo, kama mafuko wanavyosikiana. Akamwacha hivyo kwa muda, bila ukali. Kisha akamwekea unyayo kifuani, palipokuwa pakipiga.

"Hapo unahisi?"

"Nahisi."

"Nao walihisi hivyo hivyo. Ilikuwa giza hili hili, na dari ndilo hili. Yule mdogo kuliko wote alikuwa na miezi mitano."

Kunguru akalia. Nkambo akamgeuza, akamwongoza hadi nje.

Tangu siku ile mambo matatu yaliwekwa. Bamba linalong'aa hukaa mlangoni, kwa anayelihitaji, wala haliingii chumba cha kulala. Mashine hukaa juu ya kichuguu, mahali kila jicho linaposoma. Na kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, mashine hupewa kwanza jiwe la shahidi, lile lenye alama mbili za meno. Ikisema nne na nusu, soko linafunguliwa. Ikisema vingine, hakuna anayeuza.

Ndugu msomaji, soko la Musompo karibu na Kolwezi limejaa mizani na mashine za wanunuzi, na wanaofika hapo na magunia mgongoni wametoka kwenye giza lile alilolionja Kunguru. Simu uliyoishika, ambayo inautambua uso wako na kuhesabu hatua zako, haiwezi kukueleza habari ya mikono iliyotoa kobalti yake ardhini. Haina hisia hiyo, wala hatuna haki ya kuidai kwake. Ni sisi tunaodaiwa. Kifaa kikipima kwa niaba yetu, si vibaya. Hasara huanza pale tunapokiachia na kuhisi pia, kwa maana asiyehisi tena huambiwa moja akakubali moja, na husikia kwamba mwenzake wa chini haumwi, akakubali na hilo.

Nkambo ameishi mvua nyingine nyingi. Meno ya mbele ya fuko hayakomi kukua, na yale mawili ya juu yalirudi. Kila asubuhi huwapanga wajukuu mbele ya kichuguu, kila mmoja na jiwe lake. Hulilamba, hulipitisha kwenye jino la chini kulia, na husema namba yake kwa sauti. Wadogo hukosea, naye huwarudishia jiwe walilambe tena. Mashine huwashwa baada ya wote kusema.